Kiingereza cha Kueleweka, kwa Wadogo Zangu wa Nyanda za Juu Kusini

Kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe. Mugonile, watu wa Tukuyu na Kyela. Na ninyi wa Mwanjelwa mnaoniangalia huku mkisubiri wateja, karibuni.

Leo ni Kiingereza cha kuongea, maana kila nikiweka video mnaniuliza: "Dada, lafudhi ya Kizungu naipataje?" Mdogo wangu, usiitafute. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Leicester, Uingereza. Zamu yangu ina Wafilipino, Wahindi, Wanigeria na Wapoland. Waingereza wenyewe wachache. Kila mmoja ukimsikia unajua katokea wapi, na kazi inakwenda.

Kuna mwanaisimu wa Uingereza, Jennifer Jenkins, aliyechunguza wageni wakiongea Kiingereza wao kwa wao. Mwaka 2000 alieleza ni matamshi gani hasa yakiharibika watu hawaelewani. Ile sauti ya "th" iliyotutoa jasho darasani hakuiweka humo. Ukisema "dis" badala ya "this", utaeleweka. Alichosisitiza ni vitu kama urefu wa irabu, konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na kukaza lile neno lenye ujumbe.

Sasa tuje kwetu. Kiswahili kina irabu 5, ilhali Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa sauti za irabu kama 20, ndiyo maana "ship" na "sheep" mdomoni mwetu hutoka sawa. Lakini wewe Mnyakyusa uliyechekwa shuleni, sikiliza: Kinyakyusa kina irabu 7, na kurefusha irabu hubadilisha maana. Sikio lako limezoea mambo hayo tangu utotoni. Waliokucheka walikuonea. Kwenye r na l, hapo sitawabembeleza, tufanye mazoezi kweli, maana "pray" ni kusali na "play" ni kucheza.

Kinachonitia hofu zaidi ni mkazo. Sisi kila silabi tunaipa haki yake. Mwingereza akisema "she can walk", hiyo "can" anaimeza, anakaza "walk". Ukiikaza "can", msikilizaji anaweza kusikia "can't". Kazini kwangu hapo pana mzee wa kuachwa asimame mwenyewe na mzee wa kushikwa asianguke! Vivyo hivyo "fifteen" (15) na "fifty" (50) kwenye miligramu za dawa. Mimi hutaja tarakimu mojamoja, "one five", halafu namwomba mwenzangu arudie.

Haya, matamshi yamekaa sawa. Bado wengi wetu tunakwama kwenye mpangilio wa mawazo yetu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nawaona watu wenye akili nzuri wakidharauliwa. Sisi tumelelewa kusalimia, kuulizana habari za nyumbani, za shamba, za mvua, ndipo tuseme kilichotuleta. Ni adabu, na naipenda sana. Ila wakati wa kukabidhiana zamu, msikilizaji anataka jambo lenyewe kwanza. Huku kwenye huduma za afya wanatumia utaratibu uitwao SBAR, uliotokana na wanamaji wa nyambizi za Marekani: unasema hali ilivyo sasa, historia yake kwa ufupi, wewe unaionaje, na unataka kifanyike nini. Nimemsikia muuguzi mwenye lafudhi nzito kabisa akieleza hivyo, na daktari akaanza kushughulika hapohapo. Nimemsikia pia mwenye matamshi mazuri akizunguka mpaka akaulizwa, "Kwa hiyo unahitaji nini?"

Mnaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza chako, jueni hili. Sehemu ya kuongea ni dakika 11 hadi 14, na alama zinagawanywa sawa katika vipengele 4. Matamshi ni robo tu. Robo nyingine ni kuongea bila kukwamakwama huku mawazo yakishikana. Mahali fulani unapewa mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unaongea peke yako hadi dakika 2.

Basi fanya mazoezi hivyohivyo. Chagua jambo unalolijua wewe kuliko mtahini: parachichi za Rungwe zinachumwaje, au kwa nini bei ya mahindi hushuka wakati wa mavuno. Andika maneno manne matano, siyo sentensi. Jirekodi kwenye simu. Mtumie rafiki asikilize mara moja tu, kisha akueleze kwa Kiswahili alichoelewa. Akipotea kwenye sababu, ujue umeacha "because" na "so" zako njiani, panga upya. Akipotea kwenye neno, ndipo urudi kwenye matamshi, na kwa neno hilohilo.

Video ijayo tutaifanya ile sehemu ya mwisho, mtahini anapoanza kukuhoji kwa nini unaamini unachosema. Wa Mafinga na Makambako, andikeni hapo chini mada mnazotaka tuzitumie.