Mgonjwa Huyu ni wa Nani? Mhadhara Kuhusu Madaktari wa Jumla Wodini

Wenzangu madaktari, wauguzi na wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Nyote mnamfahamu mgonjwa huyu: mzee mwenye kisukari, figo zilizochoka na moyo dhaifu, na sasa amelazwa kwa nimonia. Bingwa wa moyo anaandika dawa ya kupunguza maji mwilini. Bingwa wa figo anapita mchana, anaifuta. Wa kisukari anaongeza insulini bila kuambiwa kuwa mzee hajala tangu jana. Kila mmoja yuko sahihi kwenye kiungo chake, lakini mzee anazidi kudhoofika, na binti yake akiuliza daktari wa baba ni nani, wodi nzima inatazamana.

Jibu lililojaribiwa na nchi nyingi ni daktari wa jumla ambaye kazi yake ni wodini, kutwa. Cha kutazama ni kwamba nchi hizo hazikufika hapo kwa njia moja.

Marekani, jina la hospitalisti, yaani daktari huyo wa wodini, lilienea kuanzia mwaka 1996, madaktari Robert Wachter na Lee Goldman walipoandika juu yake katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Kabla ya hapo, daktari wako wa kawaida ndiye aliyekufuata hospitalini: alipita asubuhi kabla ya kliniki yake na kurudi jioni. Ukizidiwa saa sita mchana, alipigiwa simu. Tangu mwaka 1983, Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, ilianza kulipa hospitali kiwango maalumu kulingana na ugonjwa badala ya gharama za kila siku, kwa hiyo kila siku ya ziada kitandani ikawa hasara ya hospitali. Mwaka 2003 madaktari walio mafunzoni wakawekewa kikomo cha saa 80 kwa wiki, na kazi yao ikahitaji watu wengine. Kufikia mwaka 2016, hospitalisti walikadiriwa kuwa 50,000. Fedha na saa za kazi ziliwaita kabla hatujaanza kuzungumzia ubora, na tusione haya kulisema hilo.

Uingereza hawakuwa na shida ya daktari wa nje kumfuata mgonjwa hospitalini. Huko daktari wa familia hubaki nje na hospitali ina madaktari wake. Kilichowalemea ni wingi wa wagonjwa wa dharura mbele ya mabingwa waliogawana mwili. Wakajenga tiba ya dharura ya magonjwa ya ndani, iliyotambuliwa kuwa ubingwa unaojitegemea mwaka 2009. Daktari huyu humshika mgonjwa siku mbili tatu za mwanzo, kisha humkabidhi.

Kanada kazi hii wameibeba zaidi madaktari wa familia. Uholanzi walianza kufundisha madaktari wao wa wodini mwaka 2012, na wengi wao huwahudumia wagonjwa wa upasuaji, ambao daktari wao yuko chumba cha upasuaji saa nyingi za mchana. Korea Kusini walianza majaribio mwaka 2016, baada ya sheria ya kupunguza saa za madaktari walio mafunzoni, na mwaka 2021 wakayafanya mpango wa kudumu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima raha. Daktari wa wodini humjua mgonjwa kwa siku chache tu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wazee wa Medicare: waliotibiwa hospitalini na daktari wao wa siku zote walilazwa muda mrefu kidogo kuliko waliotibiwa na hospitalisti, lakini wengi zaidi waliruhusiwa kurudi nyumbani, na vifo ndani ya siku 30 vilikuwa vichache. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi sababu, maana huenda wagonjwa wenyewe walitofautiana. Hata hivyo mimi siwezi kuupuuza. Kumjua mtu ni sehemu ya kumtibu.

Hasara hiyo inapunguzika. Mwaka 2014, madaktari wa watoto walio mafunzoni katika hospitali 9 walifundishwa kukabidhiana zamu kwa utaratibu maalumu, na makosa ya kitabibu yakapungua kwa 23%. Uangalifu huo huo ndio ninaoudai siku mgonjwa anaporuhusiwa. Daktari wa wodini ampigie simu daktari wa nje, amwambie dawa ipi imesimamishwa na kwa nini, kipimo kipi bado majibu yake hayajatoka, na nani atayafuatilia. Simu hiyo iingizwe kwenye ratiba yake ya kazi na ilipwe kama raundi ya asubuhi inavyolipwa.