Sarafu za Prufu: Jinsi ya Kuzitambua, Kuzipima Thamani na Kuzitunza

Asalaam aleikum watazamaji, karibuni. Nipo Lindi mjini, na mezani nimeweka shilingi 25 ya mwaka 1974: upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande wa pili twiga. Hii ni ya prufu, yaani iligongwa kwa ajili ya watunzaji, si ya kununulia sukari. Mkoa wetu ndio wenye Kilwa, ambako masultani waligonga sarafu zao za shaba karne nyingi zilizopita, kwa hiyo natamani sana mambo haya tuyajue vizuri.

Kwanza, nawa mikono na uikaushe kabisa. Tandika taulo laini. Shika sarafu ukingoni, hivi, kwa vidole viwili. Uso usiguse: mafuta ya kidole huacha alama, na alama hiyo huja kuwa doa lisilotoka.

Pili, bakiza taa moja tu, halafu iinamishe sarafu polepole. Mnaona? Sehemu tupu inang'aa kama kioo, ila twiga ana weupe wa ukungu. Sababu ni kwamba kipande cha madini ya fedha na muhuri wa chuma hung'arishwa kabla ya kazi, kisha sarafu hugongwa zaidi ya mara moja kwa nguvu kubwa. Prufu ni namna ya kutengeneza. Hata ikikwaruzika inabaki prufu. Bei ndiyo inayoporomoka.

Tatu, mizani. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya dijitali. Hii inatakiwa iwe gramu 28.28, fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi. Ya kawaida ya mwaka huohuo ni nyepesi zaidi, na fedha yake ni ya 500, basi usikubali kuuziwa hiyo kwa bei ya prufu. Sasa zidisha 28.28 kwa 0.925: unapata gramu 26.16 za fedha halisi. Gawanya kwa 31.1, maana wakia moja ya fedha ni gramu 31.1, unapata wakia 0.84. Zidisha kwa bei ya wakia moja ya fedha ya siku hiyo. Hapo ndipo bei inapoanzia, usiuze chini yake.

Kinachoongezeka juu yake kinatokana na uchache, kisanduku chake cha asili, cheti, na hali ya uso. Kampuni za NGC na PCGS hupanga hali hiyo hadi alama 70. Ukitafuta bei mtandaoni, angalia zilizokwisha kuuzwa. Anayetaja bei anataja anachotamani.

Nne, na hapa nawasihi sana: msisafishe! Dawa ya meno, ndimu, majivu, vyote vinaharibu kioo kile, na hakirudi. Upepo wetu wa bahari una chumvi na unyevu, kwa hiyo iweke kwenye kikasha kigumu cha plastiki cha duara, kisicho na PVC, ile plastiki ambayo huacha utando wa kijani. Kikasha kiingie kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikilowa, badilisha.