Kisanduku cha ulemavu kwenye maombi ya kazi: nani akione, nani asikione

Mhadhara kwa maafisa utumishi wa halmashauri na vijana wanaotafuta ajira serikalini, Mwanza

Ndugu maafisa utumishi, viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu, na ninyi vijana mliojaa mpaka kwenye ngazi, nawasalimu. Wakalimani wetu wa lugha ya alama, nikianza kukimbia ninyoosheeni mkono, nitapunguza mwendo.

Kila aliyewahi kusoma tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma anayajua masharti ya jumla yanayokuja mwishoni. Mwombaji awe raia wa Tanzania. Umri usizidi miaka 45. Kisha kuna mstari unaosema waombaji wenye ulemavu wanahamasishwa kutuma maombi, na waainishe hali yao kwenye mfumo kwa ajili ya taarifa kwa Sekretarieti. Wengi wenu mnauruka mstari huo, mnakimbilia sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Mimi leo nataka tukae hapo hapo. Ni mstari mzuri, na waliouweka wanastahili pongezi. Lakini kijana anayeujibu ana haki ya kuuliza: taarifa hiyo inakwenda kwa nani, na kufanya nini?

Jibu langu ni kwamba taarifa hiyo ina kazi mbili, na kazi hizo hazipatani. Ya kwanza ni kumwandalia mtu usaili wake: mkalimani, karatasi ya nukta nundu, maandishi yaliyokuzwa, chumba kisicho na ngazi, muda wa nyongeza. Kazi hii haiwezekani bila jina. Huwezi kumletea mkalimani mtu usiyemjua. Ya pili ni kuhesabu: wangapi waliomba, wangapi waliitwa, wangapi walifaulu, wangapi walipangiwa vituo. Hapa jina halitakiwi kabisa, na likibaki linaleta madhara. Ukizibebesha kazi zote mbili kisanduku kimoja, mwombaji anashindwa kujua kama tiki yake inakwenda kumsaidia au kumchongea. Vijana wengi wanaozungumza nami wanakiacha kitupu kwa hofu hiyo, na siwalaumu.

Niwape mfano. Niliwahi kuwa kwenye usaili wa mchujo wa taasisi moja. Sitaitaja. Waombaji walikuwa wengi, wamejipanga nje ya ukumbi na bahasha zao za vyeti. Msimamizi alisimama mlangoni akisoma majina kwa sauti. Binti mmoja kiziwi alikaa kwenye benchi la mbele, macho hayabanduki kwenye midomo ya yule msimamizi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa "akisikia". Mara mtu akamwita msimamizi kutoka ndani. Akageuka, akaendelea kusoma huku amewapa mgongo walioko nje. Jina la binti likasomwa, likarudiwa, likapitwa. Aliingia baadaye sana, baada ya mwombaji mwenzake kumgusa bega na kumwonyesha orodha iliyobandikwa ukutani. Muda wake haukufidiwa. Na binti huyo alikuwa amejaza fomu vizuri kabisa, alisema mapema kwamba hasikii. Taarifa ilikuwepo kwenye mfumo. Yule aliyesimama mlangoni hakupewa.

Kwa hiyo kwenye kazi ya kwanza, msiulize ulemavu. Ulizeni mahitaji. "Je, kuna kitu unahitaji tukuandalie ili ufanye usaili kama wengine?" Halafu orodhesheni: mkalimani wa lugha ya alama, nukta nundu, maandishi makubwa, msaidizi wa kusoma au kuandika, kiti karibu na mlango, mahali penye kivuli kwa mwenye ualbino wakati wa kusubiri. Hilo la kivuli linadharauliwa sana. Watu wanasimamishwa kwenye jua la saa sita, na ngozi isiyo na kinga inaungua wakati wengine wanapitia notisi zao. Jibu la swali hili liende kwa anayeandaa ukumbi, na lisimfikie kabisa anayetoa maksi.

Sasa tuje kwenye kuhesabu, maana hapa ndipo nataka maafisa mnisikilize zaidi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 na zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri yenye watumishi 2,000 inatakiwa iwe nao 60. Nikiuliza mbona hawafiki, jibu ninalopewa karibu kila mara ni lile lile: "Hawaombi." Huenda kweli hawaombi. Lakini huenda wanaomba na hawaitwi. Au wanaitwa, wanaangukia kwenye mchujo. Au wanafaulu vizuri halafu wanapangiwa kituo ambacho mtu wa kiti mwendo hawezi kufika. Hizo ni shida nne tofauti na kila moja ina dawa yake. Mwenye namba za mwisho tu, za walioajiriwa, hawezi kuzitofautisha, atabaki kukisia.

Tuchukulie mfano wa kutunga. Mwajiri fulani amepata waombaji 1,000 wasio na ulemavu na 50 wenye ulemavu. Kundi la kwanza wameitwa 400, yaani asilimia 40. Kundi la pili wameitwa 18, asilimia 36. Tofauti ipo, si ya kutisha. Kwenye mchujo, kati ya wale 400 wamefaulu 200, nusu. Kati ya wale 18 wamefaulu watatu. Hapo sasa unajua pa kushika. Kasoro haiko kwenye kuitwa, iko ndani ya ukumbi wa mtihani. Unakwenda kuuliza: karatasi ilikuwa na maandishi ya ukubwa gani? Mkalimani alikuwepo? Muda uliongezwa? Namba ndogo huyumba, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa tangazo moja; jumlisha matangazo ya mwaka mzima ndipo useme.

Marekani wana kipimo cha namna hii kwenye miongozo yao ya mwaka 1978 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi, wanakiita kanuni ya nne ya tano. Kiwango cha kundi moja kuchaguliwa kikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango cha kundi lililochaguliwa zaidi, hiyo ni dalili ya kuchunguza. Kule kipimo kilitungwa kwa ajili ya rangi, jinsia na asili ya mtu, si ulemavu, lakini hesabu yake inatufaa. Kwenye mfano wangu, 36 kwa 40 ni asilimia 90, inapita. Kwenye mchujo, watatu kati ya 18 ni kama asilimia 17, na 17 kwa 50 ni kama theluthi moja. Imeanguka vibaya.

Kwa upande wa ulemavu, serikali yao ya shirikisho inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1973, na kanuni ya mwaka 2017 ikaweka malengo: asilimia 12 ya watumishi wawe watu wenye ulemavu, na ndani yake asilimia 2 wawe na ulemavu uliotajwa mahsusi, kama uziwi, kutoona, kupooza au kifafa. Kwa miaka mingi mwombaji wa kazi aliulizwa maswali ya takwimu kwa hiari: jinsia, rangi, ulemavu. Aliambiwa waziwazi kwamba anayechagua wa kuajiriwa hatayaona majibu hayo na kwamba kutojibu hakumpunguzii kitu. Hilo ndilo ninalolitamani hapa. Sitamani maswali yao ya rangi wala malengo yao, natamani ule ukuta kati ya anayehesabu na anayechagua.

Jirani zetu Kenya wanauliza zaidi yetu. Katiba yao ya 2010 imeweka asilimia 5 ya nafasi za kuteuliwa na kuchaguliwa kwa watu wenye ulemavu, na fomu ya Tume yao ya Utumishi wa Umma inauliza mpaka kabila, kwa kuwa sheria yao ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa kabila moja. Wao wana historia yao. Sisi sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ni ya mwaka 1967, na sioni sababu ya kulirudisha kwenye fomu ya kazi. Kukusanya taarifa usiyokuwa na kazi nayo ni kumtafutia mtu matatizo. Jinsia, umri, mkoa anakotoka: hizo zipo tayari, zitumieni.

Tuulizeje, basi? Mkiandika "Je, wewe ni mlemavu? Ndiyo / Hapana" mtapotea. Kijana aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda pale Igoma na sasa anachechemea atajibu hapana. Atakwambia yeye aliumia tu. Anayesoma kwa shida kwenye mwanga mdogo atajibu hapana. Kuna maswali sita yaliyoandaliwa na Kikundi cha Washington, kilichoundwa chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, na sensa zetu zimefuata njia hiyo. Yanauliza ugumu: una ugumu wa kuona hata ukivaa miwani? Wa kusikia hata ukitumia kifaa? Wa kutembea au kupanda ngazi? Wa kukumbuka au kumakinika? Wa kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Wa kuwasiliana na kueleweka kwa lugha yako ya kila siku? Majibu ni manne: hakuna ugumu, kiasi, mkubwa, siwezi kabisa. Anayesema "mkubwa" au "siwezi kabisa" hata kwenye swali moja anahesabiwa. Ualbino haumo kwenye sita hizo, kwa hiyo tunauongeza, kama sensa yetu inavyofanya.

Namna ya kuuliza na kuhesabu inabadilisha picha ya nchi. Utafiti wa mwaka 2008 ulipata kwamba asilimia 7.8 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Sensa ya 2022 imepata asilimia 11.2. Mkiweka asilimia hiyo pembeni ya ile 3 ya sheria, mtaona kwamba 3 ni kima cha chini kabisa.

Sasa nitasema jambo ambalo hapa Mwanza lina uzito kuliko mahali pengine. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakumbuka mauaji ya watu wenye ualbino. Tunakumbuka watoto waliopelekwa kuishi kwenye shule za bweni, wakiwemo waliopokelewa pale Mitindo, Misungwi, kwa sababu nyumbani hapakuwa salama. Orodha yenye jina, simu, kijiji na neno "ualbino" si karatasi ya kawaida. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la idara. Usiichape ukaiacha mezani. Nimeona orodha za walioitwa kwenye usaili zikibandikwa ukutani zikiwa na safu ya aina ya ulemavu, na wapita njia wakizipiga picha kwa simu. Hilo likome.

Hata namba bila majina zinaweza kumfichua mtu. Ukitoa taarifa kwamba Ukerewe, kada ya mhasibu, jinsia ya kike, mwenye ualbino: 1, umeshamtaja. Kisiwani watu wanajuana. Takwimu za kundi lenye watu wachache mno zijumlishwe kwenye ngazi ya mkoa au kanda kabla hazijatoka ofisini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa kwenye mazingira iliyoyataja yenyewe. Sisubiri wanasheria wamalize kubishana kama kila ulemavu ni taarifa ya afya. Uchukulieni hivyo. Mwombaji aambiwe kwa Kiswahili cha kawaida: tunakuuliza hili kwa sababu hii, atakayeona ni fulani, tutalifuta baada ya muda huu.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mwanangu, swali lako limesikika: una kifafa, hakionekani kwa macho, ujaze au usijaze?

Kama unahitaji kitu siku ya usaili, sema, na sema mapema: kwamba unakunywa dawa saa fulani, kwamba unahitaji mtu wa kukaa karibu. Bila kusema hutaandaliwa. Kama huhitaji chochote, na fomu haikwambii nani atasoma jibu lako, una haki ya kupiga simu kwa ofisi iliyotangaza kazi na kuuliza kabla ya kujaza. Afisa utumishi wa halmashauri unakoomba yumo humu ndani, amekaa safu ya mbele. Tukimaliza nitakupeleka kwake umuulize mwenyewe, na mimi nitasimama hapo hapo nisikie atakavyokujibu.