Laptopu ya nyumbani na intaneti ya kutosha: msilipie stika

Shikamooni wazee wangu, na vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja. Najua wengi humu mnatafuta kompyuta ya nyumbani tu, mtoto afanyie homuweki, mama aandike hesabu za duka, baba asome habari na kuongea kwa video na ndugu walioko mbali, jioni YouTube kidogo basi. Kwa matumizi hayo hela nyingi inaliwa na stika, ile ya i5 au i7 inayobandikwa kwenye laptopu kutaja prosesa, yaani ubongo wa kompyuta.

Ukienda Kariakoo unaonyeshwa laptopu used za Dell Latitude, HP EliteBook, ThinkPad, nyingi zilikuwa za maofisini nje na ni ngumu kwelikweli, mi nazipenda kuliko zile mpya za bei poa zenye prosesa dhaifu ya Celeron na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya giga 4. Shida inaanza muuzaji akisema "hii i7 bosi", na wewe unaona 7 kubwa kuliko 5 unatoa hela. Subiri kwanza. Ingia Settings, System, halafu About, usome namba inayofuata baada ya hiyo i5 au i7. Ukikuta i7-4600U, ile 4 ya mwanzo ni kizazi cha nne, prosesa ya 2013. Ukikuta i5-8250U ni kizazi cha nane, ya 2017, ina kori nne, yaani vichwa vya kufanya kazi, wakati ile i7 ina mbili tu, kwa hiyo i5 hiyo inaiacha mbali sana. Jamani wazazi wanauziwa i7 za namna hiyo kila siku na inaniuma.

Kwa nini nang'ang'ania cha nane? Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizi i5 na i7, inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda juu, ukitoa chache sana za cha saba. Fundi anaweza kukulazimishia kwenye mashine ya zamani ikawaka vizuri tu, ila Microsoft hawajakuahidi kwamba apdeti zitaendelea kuja. Mwenye ya zamani tayari asiitupe, aweke Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ni bure na ina Firefox ya kuingilia intaneti na LibreOffice ya kuandikia, homuweki zinafanyika.

RAM giga 8, na SSD, ile diski isiyozunguka, giga 256 inatosha kabisa. Hapa kwenye SSD msikubali kubembelezwa, ile diski ya kuzunguka ndiyo inafanya watu waseme kompyuta imezeeka kumbe ni diski tu inachelewa.

Betri nayo msiamini mdomo wa mtu. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itakutajia faili ilipohifadhiwa, ulifungue utafute Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 22,000, hiyo betri haifiki hata nusu ya ilivyotoka kiwandani, na umeme wetu huu mnaujua, ukikatika mtoto katikati ya kazi inakuwaje? Halafu izimeni, mkiwasha bonyezeni F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, muingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine (BIOS), ikidai paswedi ya ofisi ilikotoka rudisheni hapohapo dukani.

Haya, intaneti. Hesabuni video kwanza, barua pepe na kusoma havili kitu. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya kawaida inakula mpaka giga 1, na HD mpaka giga 3, sasa watoto wawili likizo nzima hilo bando litafika wapi? Kama hamna video nyingi, hotspoti ya simu inatosha, msikimbilie mkataba wa mwezi. Kama mnaangalia kila jioni na faiba ya TTCL au ya kampuni nyingine inapita mtaani, chukueni hiyo, kasi ya Mbps 10 inabeba video mbili za HD bila shida, ila muulizeni jirani aliyekwisha kuifunga inakuwaje saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani, yeye atawaambia ukweli kuliko tangazo.

Na mnaobaki na hotspoti, kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows washeni Metered connection, apdeti nyingi kubwa zitasubiri na bando lenu halitaliwa kimyakimya.