Unene Unaobaki: Kuchonga Mtumbwi Uani

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, karibuni, na mliosimama kule nyuma sogeeni mbele, maana nina vijiti vidogo vya kuwaonesha na kwa mbali havitaonekana.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kuchonga mtumbwi nyumbani kwake kwa mikono yake. Nitasema juu ya mtumbwi wa gogo moja, kwa kuwa ndio ninaoujua na ndio unaozaa ngalawa zetu za Unguja, Pemba na Mrima. Ukiniuliza kazi yenyewe iko wapi, nitakwambia iko kwenye unene wa ubao unaouacha. Kuchimba gogo ni jasho, na jasho kila mmoja wenu analo. Kujua pa kusimama ndiko kunakotaka mafunzo.

Tupige hesabu kidogo. Chukueni mtumbwi wa mita 5, wenye upana wa nusu mita hivi. Ukijumlisha mbavu zote mbili pamoja na chini, ukapunguza kwa sababu omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, zinachongoka, unapata eneo la karibu mita 6 za mraba. Mwembe uliokauka una uzito wa kilo 600 hivi kwa mita moja ya ujazo. Basi kila sentimita moja ya unene uliyoiacha bila sababu ni kilo 36. Na mtumbwi wa ukubwa huo huzama sentimita moja kwa kila kilo 18 unazouongezea. Maana yake, sentimita moja ya unene wa bure inakula sentimita 2 za ukingo. Mvuvi akishapakia nyavu, madema na mwenzake, ule ukingo uliobaki juu ya maji ndio usalama wao. Hapohapo, ukizidi kupunguza, siku ya kwanza tu mtumbwi ukiburutwa juu ya matumbawe unatoboka. Kwa hiyo mimi huacha sentimita 4 chini, panapoburutwa, na sentimita 2 na nusu ubavuni. Omo na tezi sizigusi sana. Naziacha nene kabisa, maana huko ndiko nyuzi za mti zinakokatika na ndiko maji yanakoingilia.

Sasa mti. Wengi hapa kwetu tunachonga mwembe. Una shina nene, unalainika chini ya tezo, kile chombo chetu cha kuchongea, na mashambani ipo mikongwe iliyokwisha kuzaa. Kudumu haudumu sana, huo ndio ukweli, na funza wa baharini wanaupenda. Mfenesi unastahimili zaidi. Msufi ni mwepesi mno na raha kuuchonga, ila unakunywa maji na kuoza upesi. Bara kuna mvule, mti wa heshima, kwa mwenye uwezo wa kuununua. Kabla ya yote nenda kwa sheha ukaulize kibali, hata kama mwembe ni wa shamba la babu yako.

Ukifika kwenye mti, usiangalie unene peke yake. Tazama magome. Mifereji ya magome ikipanda kwa kuzunguka shina, ujue na nyuzi za ndani zimejisokota vivyo hivyo, na mtumbwi wake utapinda ukikauka. Gonga shina kwa kisogo cha shoka kuanzia chini hadi unapofika mkono. Palipo na uvungu utasikia sauti inabadilika. Tafuta pia vifundo vya matawi yaliyokufa. Kifundo kikiangukia ubavuni utakipitishia kalafati ya kuzuia maji maisha yako yote.

Mti ukishaanguka, usiuburute kwenda nyumbani mzima. Gogo bichi la mita 5 lenye kipenyo cha sentimita 70 linakaribia tani 2. Ndiyo maana wazee walikuwa wakikata umbo la kwanza kulekule shambani, nje na ndani, chombo kikabaki kizito ila cha kubebeka, ndipo kikaletwa uani kumaliziwa. Kuna sababu nyingine, tena kubwa zaidi. Mti unapokauka hunywea kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili kuliko unavyonywea kuelekea moyoni. Gogo zima haliwezi kuvumilia tofauti hiyo, lazima lipasuke, na ufa huelekea kwenye moyo. Ukiutoa moyo mapema, mti ungali mbichi, umeuondolea mvutano. Halafu zipake ncha zote mbili rangi nzito au udongo, maana ncha ndizo zinazotoa maji haraka kuliko mbavu. Weka kivulini, jaza vibanzi vibichi ndani, funika kwa makuti. Fundi anayeacha mtumbwi mbichi juani mchana mmoja anaweza kuupoteza mchana huohuo.

Kuna jambo la upana ambalo lazima niliseme, kwa sababu linaeleza sura ya ngalawa. Gogo lina upana wake na halikuongezei. Mtumbwi mwembamba hupinduka. Watu wa dunia wamelijibu swali hili kwa njia tofauti, na kila jibu lina akili yake. Kule Estonia, katika nchi ya mabwawa inayoitwa Soomaa, wanachonga mtumbwi wa ubao mwembamba sana, kisha wanautia maji na kuupasha moto hadi mbavu zinalainika, wakazifungua taratibu zikapanuka. UNESCO iliuingiza ufundi huo mwaka 2021 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa mafundi wake wamebaki wachache. Waganda wa Visiwa vya Ssese, katika Ziwa Viktoria, walichukua gogo likawa uti wa chini tu, wakapandisha mbao juu yake na kuzishona kwa nyuzi. Sisi wa pwani tukaliacha gogo na wembamba wake, tukautafuta upana nje: tukafunga mirengu huku na huku. Comoro wanayo ngalawa, na wavuvi wa Wavezo wa magharibi ya Madagaska wanaweka mrengu upande mmoja. Wataalamu wengi wanauhusisha ujuzi huo na mabaharia waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki wakaweka makazi Madagaska. Hebu fikirini: vijiti viwili vya kukingama na mbao mbili zinazogusa maji, na safari yote ile ya bahari iko ndani yake. Mimi kila ninapofunga mrengu nafurahi kwamba tumeurithi.

Na kuchonga gogo kwenyewe ni kazi ya kale katika bara letu. Mwaka 1987 mchungaji mmoja wa Kifulani, akichimba kisima kaskazini-mashariki ya Nigeria, aligonga mtumbwi uliofukiwa ardhini. Unaitwa mtumbwi wa Dufuna, una urefu wa zaidi ya mita 8 na umri wa miaka 8,000 hivi.

Turudi uani. Anza na nje, ndani baadaye. Lipindue gogo, piga mstari wa katikati kwa uzi uliopakwa masizi, na mistari ya kusimama ipate kutoka kwenye timazi. Jicho lako lisikudanganye. Kata kigezo cha boksi cha nusu ya umbo, ukipitishe upande wa kulia kisha wa kushoto, ili pande mbili zifanane. Chonga nje mpaka umeridhika. Ukishaingia ndani huna ruhusa tena ya kubadili nje.

Sasa vijiti vyangu ni hivi. Vimetengenezwa kwa mti mgumu uliokauka vizuri, vinene kama kidole cha mwisho. Vya kundi hili vina urefu wa sentimita 2 na nusu, vya kundi lile sentimita 4. Tazameni ncha moja: imechovywa kwenye masizi. Chukua keekee, tia alama kwenye msumari wake kwa kamba ili usizidishe, toboa kutoka nje kina hichohicho, kisha gongomea kijiti ncha nyeusi ikitangulia. Ubavuni vile vifupi, chini vile virefu, shubiri mbili kati ya kimoja na kingine. Halafu pindua gogo uingie ndani. Kwa shoka au chensoo, yaani msumeno wa mashine, kata mifereji ya kukingama, kila baada ya sentimita 30, kisha banjua vipande vilivyo katikati, vinatoka vizimavizima. Ukikaribia, weka shoka chini, chukua tezo. Chonga kwa vipigo vyepesi, kufuata nyuzi, hadi doa jeusi la kijiti litokeze. Hapo umefika. Simama, nenda kwenye doa la pili. Kijiti kilikuwa kikavu, kwa hiyo kikionja maji kinavimba na kuziba tundu lake chenyewe.

Nawasihi vijana: chensoo itumieni kwa mifereji tu. Ni mashine nzuri, inaokoa mgongo, lakini haiwezi kuhisi. Tezo inakupa habari mkononi; ubao ukianza kuwa mwembamba, kipigo kinarudi na mlio mwingine. Habari hiyo hamtaipata kwangu kwa maneno. Kaeni na wazee wanaochonga, washikieni gogo, sikilizeni mlio huo mara nyingi, nao wangalipo.

Mengine ni mepesi. Tia mbao za kukalia, ndizo zinazozuia mbavu zisikutane. Nyufa ndogo zitie pamba iliyoloweshwa mafuta. Ndani paka sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, chini paka deheni ya chokaa na shahamu. Na kila baada ya muda upandishe mtumbwi pwani, uupitishie moto wa makuti chini yake kuua wale funza, kisha upake upya.

Siku ya kuushusha, usiweke mtu ndani. Uache uelee mtupu kwenye maji yaliyotulia, utazame unalalia wapi. Ukiegemea kulia, weka alama kwa mkaa, urudi nao uani, utoe kidogo ndani upande huohuo wa kulia. Kidogo, kisha uurudishe majini. Usimalize kazi hii kwa kutia mawe upande wa kushoto. Nimeona mitumbwi mizuri ikitumika kuvua huku ina mawe ndani miaka yote, na wenyewe wanalalamika kwamba ni mizito.

Nje hapo kuna gogo la mwembe, nje yake imekwisha na vijiti vimo tayari. Baada ya sala ya alasiri tutalianza ndani. Mwenye tezo aje nayo, ainoe kwanza. Nasikiliza maswali.