Baiskeli ya Mume, Shamba la Mke: Wanawake wa Vijijini katika Filamu za Zamani za Bulgaria

Ndugu zangu, kabla hatujazima taa kuitazama filamu ya leo, naomba dakika chache.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Wabulgaria watatu kati ya wanne waliishi vijijini. Serikali ya kikomunisti ikayatia mashamba yao katika ushirika, kazi iliyokaribia kukamilika kufikia 1958, na huku ikajenga viwanda mijini. Mkulima aliyenyang'anywa shamba angebaki kwa lipi? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wakaazi wa mjini.

Sinema ililibeba jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1974 mwongozaji Hristo Hristov alituonyesha mzee aliyehamishiwa mji mkuu, Sofia, kwa mwanawe, akakaa ghorofani mikono haina kazi. Mwaka huohuo mwongozaji mwenzake, Lyudmil Kirkov, alituletea mwanamume aliyehamia mjini lakini haachi kupanda baiskeli kurudi kijijini kwake. Georgi Georgiev-Getz alimwigiza hata akatuzwa kwenye tamasha la filamu la Moscow mwaka 1975. Nampenda sana mtu yule. Lakini baiskeli ni yake, na hamu ya nyumbani ni yake. Anakwenda na kurudi. Je, yule asiyekwenda popote?

Kirkov na mwandishi wake, Georgi Mishev, walilijibu swali hilo mwaka 1977 kwa filamu yetu ya leo, *Matriarhat*, yaani utawala wa wanawake. Wanaume wamefuata kazi mjini. Kazi za ushirika wameachiwa wake zao. Jina hilo linaniuma kila nikilisikia, maana wanawake hawa hawakutwaa madaraka kwa mtu. Walirithi jembe lililotupwa.

Na kazi yenyewe msiichukulie kijuujuu. Chukueni tumbaku ya Bulgaria: majani huchumwa alfajiri yangali na umande, kisha hutungwa uzini kwa sindano ndefu, jani baada ya jani, vidole vikigandwa na utomvu mweusi. Jioni, chakula kinamngoja mama huyohuyo akipike.

Mtamwona katika filamu hii Nevena Kokanova, aliyependwa tangu 1964 alipoigiza mke wa kanali, na Katya Paskaleva. Ni nyota wakubwa, ila Kirkov hakumpa yeyote filamu nzima. Amewaacha wawe kundi, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Sasa taa zizimwe. Tazameni mikono yao.