Kidonda Kisichouma: Mhadhara wa Afya, Tanga

Assalaam alaykum. Baba zangu, mama zangu, shikamooni.

Mmeniita nizungumzie tiba mpya za vidonda vya kisukari. Zipo. Mwaka 2018 ulitangazwa utafiti wa nchi tano za Ulaya uliojaribu bandeji yenye dawa iitwayo sukrosi oktasalfeti: baada ya wiki 20 vidonda asilimia 48 vilikuwa vimefunga, na kwa waliofungwa bandeji isiyo na dawa hiyo, asilimia 30. Ipo pia mashine ya kunyonya majimaji ya kidonda kupitia sponji.

Lakini dawa gani itamfaa mtu anayekikanyaga kidonda chake kutwa?

Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa ya fahamu ya miguuni huharibika. Mimi nikichomwa na msumari hapo Ngamiani nitachechemea mpaka nyumbani. Mwenye ganzi hachechemei. Anakwenda sokoni, anarudi, ndipo anaona damu kwenye kandambili. Nyama changa iliyoota usiku, asubuhi anaiponda kwa uzito wake mwenyewe.

Kwa hiyo ninayoisifia mimi leo si mpya: hogo, lile la waliovunjika miguu, ila hili hufungwa na fundi anayelijua, ili uzito usikiangukie kidonda. Daktari Paul Brand aliwafunga hogo wagonjwa wa ukoma kule India, nao wana ganzi vilevile. Utafiti wa Marekani wa 2001 ulilinganisha: kwa hogo, karibu wagonjwa 90 kati ya 100 walipona kidonda cha wayo ndani ya wiki 12, kwa kiatu maalumu cha kuvulika, 65. Mbona tofauti yote hiyo? Mwaka 2003 watafiti waliweka kipima mwendo ndani ya kiatu hicho, wakakuta wagonjwa wamekivaa kwa asilimia 28 tu ya mwendo wao wa siku. Msicheke, kwa joto hili la Tanga na nyie mngevua.

Hogo si la kila mguu. Kwanza daktari apime kama damu inafika, aangalie usaha, akate sugu na nyama iliyokufa.

Na wewe unayetawadha mara tano, una nafasi tano za kukagua nyayo. Kausha katikati ya vidole.

Naona mikono, najua mnataka kuuliza asali ya kupaka kidonda. Ya hospitali ipo, imeuliwa vijidudu kwa mionzi. Ile ya chupa ya sokoni weka kwenye chai, tena si yako wewe mwenye sukari.